Mzee wa Keya Akitufikia

Kule Nairobi sanamu za kumbukumbu ya askari na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918 zimesimama tangu 1928. Wapagazi wengi hawana hata kaburi lenye jina. Wazee wa Keya waliopigana Burma mwaka 1944 wamesalia wachache mno. Nao, ifikapo Novemba, wamekuwa wakizuru makaburi ya vita, Barabara ya Ngong.

Sisi wa Lokori twajua thamani ya kivuli. Basi mzee wa namna hiyo akitufikia, tusimame, kama Walawi 19:32 inavyotuagiza. Hotuba zingoje (aghalabu ni ndefu mno!). Tumpe kiti na maji. Akinyamaza, tunyamaze naye. Akimtaja mwenziwe aliyebaki msituni, tumwulize jina lake, tuliandike.