Kupona Huanza Kabla ya Kisu
Anayejiandaa kwa upasuaji wa kuoanisha mwili na jinsia anayojitambua nayo huuliza sana kuhusu daktari na gharama, kumbe kupona kwa kidonda chake kutategemea pia kama ameacha sigara. Nikotini hubana mishipa ya damu. Na katika upasuaji wa kifua au wa kuunda uke, ngozi iliyohamishwa huishi kwa damu inayoifikia. Ikikosa damu, hufa. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2020 kwamba anayeacha kuvuta takriban wiki 4 au zaidi kabla ya upasuaji hupunguza hatari ya matatizo. Shisha nayo haina nafuu.

Wapo wanaosema ni ukatili kumnyima mtu kitulizo wakati wa wasiwasi mkubwa. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo maana msaada wa kuacha uanze mapema, pamoja na ushauri nasaha, isiwe amri ya ghafla. Kisha, baada ya upasuaji, kuna kazi ndefu: aliyeundiwa uke hutumia vipanuzi kwa ratiba ya daktari, miezi mingi, la sivyo njia ya uke husinyaa. Anahitaji faragha, na mtu wa kumpikia na kumfulia. Hili nalisisitiza, maana ndilo husahauliwa.