Mji Ulioinuliwa Juu ya Bahari

Mji wa Galveston, uliojengwa juu ya kisiwa cha mchanga katika pwani ya Texas, Marekani, ulifikiwa na tufani tarehe 8 Septemba 1900, bahari ikafura ikakifunika kisiwa, kwani hata mahali pake pa juu kabisa hapakufika mita 3, na roho zisizopungua 6,000 zikaangamia.

Waliosalimika walijenga ukuta wa zege wenye kimo cha mita 5 hivi, sehemu yake ya awali ikakamilika mwaka 1904. Kisha, na hili ndilo linalonistaajabisha zaidi, waliazimu kuinua ardhi yenyewe: majengo yapatayo 2,000, makanisa yakiwamo, yalinyanyuliwa kwa jeki zilizozungushwa kwa mikono, taratibu mno, ndipo mchanga uliochotwa chini ya maji ukasukumwa kwa mabomba hata ukajaa chini ya sakafu, nao wakazi, ambao gharama ya kuinua nyumba zao iliwaelemea wenyewe, wakawa wakipita juu ya vijia vya mbao, miti yao ikifa kwa chumvi.

Mwaka 1915 ilipovuma tufani nyingine kali, ukuta ulistahimili, na waliofariki mjini walikuwa wachache. Bali nyumba zilizokuwa nje ya ukuta, nyingi zilifagiliwa.