Nyumba ya Mchungaji, Auburn Avenue



Katika kuadhimisha miaka 100 ya Usharika wetu, niruhusuni niwapeleke mbali kidogo, Atlanta, Marekani. Mwaka 1909 Mchungaji A. D. Williams wa Kanisa la Kibaptisti la Ebenezer alinunua huko nyumba ya ghorofa, iliyojengwa mwaka 1895. Binti yake Alberta alipoolewa mwaka 1926 hakuhama. Yeye na mumewe walikaa humo humo pamoja na wazee, wakajaliwa watoto watatu. Wa pili, aliyezaliwa tarehe 15 Januari 1929, aliitwa Michael. Mwaka 1934 baba yake alisafiri hadi Ujerumani, na baada ya safari hiyo jina likawa Martin Luther. (Sisi Walutheri hatuwezi kulipita hilo kimya!)

Mtoto huyo wa familia ya King alikuwa na rafiki Mzungu. Walipoanza shule, kila mmoja ya kwake, baba wa rafiki akakataza wasicheze tena. Jambo hilo lilizungumzwa mezani, wakati wa chakula. Hapo ndipo alipoelezwa kwa mara ya kwanza habari za ubaguzi. Wapendwa, mzazi aanzie wapi maneno hayo mbele ya mtoto wa miaka sita? Mama yake alimfundisha kwamba hapungukiwi na mtu yeyote.

Bibi alifariki mwaka 1941, na familia ikahamia nyumba nyingine.