Kibarua Asiye na Mshahara: Hotuba ya Mweka Hazina



Kazi yetu ni hesabu, kwa hiyo tuanze na mstari mmoja wa mwaka jana mlioupigia makofi: mabomba ya kunyunyizia na dawa ya wadudu kwa vikundi vya wakulima wa kabichi kule Werugha. Leo sisi wa kamati tunakiri kwamba fedha zile hatukuzipangia vizuri. Mwanzoni kabichi zilipendeza. Baada ya majuma machache viwavi walirudi, na wakulima wakaingia mfukoni kununua dawa nyingine.

Tulimsahau nyigu. Mwaka 2002 watafiti wa kituo cha wadudu cha ICIPE walimwachilia Werugha nyigu mdogo kutoka Taiwan, aitwaye Diadegma semiclausum. Hana shida na watu. Humtafuta kiwavi wa nondo wa kabichi, yule anayetoboa majani matundu matundu, akataga yai ndani ya mwili wake. Buu la nyigu humla kiwavi kutoka ndani, na mwishowe badala ya nondo hutoka nyigu mwingine. Huyu ni kibarua asiyedai mshahara.

Dawa kali za kuua kila mdudu, kama zile za jamii ya pairethroidi, hazichagui. Nyigu akitua kwenye jani lililonyunyiziwa hufa. Kiwavi wa kabichi naye ni sugu, dawa nyingi ameshazizoea. Anayebaki huzaana bila adui. Basi tunalipa mara mbili: bei ya dawa, na hasara ya kibarua tuliyemuua, ambaye hayumo katika daftari lolote.

Hatusemi mtu aache shamba liliwe. Tunasema akague kabichi kwanza. Akilazimika, atumie dawa ya bakteria ya Bt, inayomuua kiwavi alaye jani na kumwacha nyigu anayeruka.

Ombi letu ni hili: mwaka huu tusichangie dawa. Tuchangie mafunzo ya wakulima shambani, kikundi kwa kikundi, wajue kumtambua rafiki na adui. Kabichi zinazoteremka soko la Kongowea ndizo karo za watoto wetu.

Bahasha ziko mbele yenu. Kila shilingi tutaitolea hesabu hapa hapa mwakani, hata ikitokea tumekosea tena.