Stadi za Kusoma katika Kozi za Sayansi na Sayansi za Jamii: Hoja ya Kuziunganisha katika Mwaka wa Kwanza wa Chuo Kikuu

1. Utangulizi

Mada hii inajadili nafasi ya stadi za kusoma katika kozi za mwaka wa kwanza za sayansi na sayansi za jamii katika vyuo vikuu vya Tanzania, na mifano mingi imechukuliwa kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Stadi za kusoma, kwa maana inayotumika hapa, ni ujuzi wa kufuatilia mhadhara na kuandika muhtasari wake, kusoma kitabu kwa lengo maalumu, kupanga muda, kujenga hoja na kutaja vyanzo. Msimamo unaotetewa ni kwamba stadi hizo zifundishwe na zitahiniwe ndani ya kozi za fani, kwa kuwa kila fani ina namna yake ya kusoma, kuandika na kuthibitisha.

2. Chimbuko la kozi za pamoja

Chuo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kikiwa na Kitivo cha Sheria peke yake, kikafuatiwa na Kitivo cha Sanaa na Sayansi za Jamii mwaka 1964 na cha Sayansi mwaka 1965. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, mkutano uliofanyika chuoni hapo mwezi Machi ulijadili wajibu wa chuo katika nchi ya kijamaa, na mjadala huo ulichangia kuzaliwa kwa kozi ya pamoja, yaani kozi inayosomwa na wanafunzi wa fani mbalimbali ili mtaalamu wa baadaye, awe mhandisi, daktari au mwanasheria, aielewe jamii atakayoitumikia. Jukumu hilo baadaye lilichukuliwa na Taasisi ya Taaluma za Maendeleo, iliyoanzishwa mwaka 1973.

Kozi ya stadi za mawasiliano ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa sababu nyingine, nayo ni kwamba wahitimu wengi wa sekondari walipata shida kufuata masomo ya chuo kwa Kiingereza, hali ambayo utafiti wa Criper na Dodd wa mwaka 1984 uliionyesha wazi kuanzia ngazi ya shule. Kozi hizi mbili zimeendelea kuwapo, lakini kwa kuwa hufundishwa kando ya fani kuu na mara nyingi katika madarasa makubwa, wanafunzi wengi huziona kama masharti ya kutimizwa ili wapate shahada, na yale wanayojifunza humo hayavuki kwenda maabara wala kwenye insha zao.

3. Mzigo wa masomo na saa zisizo na msimamizi

Umuhimu wa stadi hizi unaonekana wazi katika hesabu ya mzigo wa masomo. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), krediti moja, ambayo ni kipimo cha kazi anayotarajiwa kuifanya mwanafunzi, ni sawa na saa 10 za kujifunza, na mwaka mmoja wa masomo huwa na krediti 120, yaani saa 1,200. Ikichukuliwa kwa mfano kozi ya krediti 12 yenye mihadhara ya saa mbili na semina ya saa moja kila wiki kwa wiki 15, saa za darasani zitakuwa 45 kati ya 120, na zilizobaki 75 ni za mwanafunzi mwenyewe, awe maktaba, bwenini au katika kikundi cha majadiliano. Pasipo mwongozo wa namna ya kuzitumia, saa hizo huishia katika kunakili na kukariri desa, jina ambalo wanafunzi wameupa muhtasari wa mihadhara unaorithishwa kutoka kwa waliotangulia.

4. Tofauti za fani

Katika fizikia, jaribio la pendulamu ni mfano mzuri. Mwanafunzi anayetafuta mchapuko wa graviti kwa uzi wa mita moja atakuta kwamba mbembeo mmoja kamili huchukua takribani sekunde 2, kwa hiyo akipima mbembeo mmoja tu na kidole chake kikachelewa kwa sekunde 0.2 kubonyeza saa, kosa lake litakuwa asilimia 10. Akipima mibembeo 20 kwa mfululizo, kuchelewa kulekule kutakuwa asilimia 0.5 tu ya sekunde 40. Kujua kwamba jibu linalotarajiwa ni mita 9.8 kwa sekunde mraba hakumfundishi hayo, bali humshawishi kupika data, yaani kubuni vipimo vinavyolingana na jibu. Kinachomfundisha ni kuandika ripoti ya maabara inayoeleza lengo, njia, matokeo na ukubwa wa makosa ya kipimo, na kukosolewa na mtu anayeifahamu fizikia.

Katika sayansi za jamii tatizo ni la aina nyingine. Mwanafunzi akisoma kuhusu Tanzania ya Ujamaa atakutana na kitabu cha Issa Shivji cha mwaka 1976, kinachoeleza mambo kwa msingi wa mapambano ya matabaka na nafasi ya tabaka linaloshika dola, kisha na cha Göran Hyden cha mwaka 1980, kinachosisitiza kwamba mkulima mdogo alikuwa na uwezo wa kulikwepa dola hilo kwa kuwa uzalishaji wake haukulitegemea. Aliyezoea kukariri hutafuta lipi kati ya maelezo hayo ndilo sahihi kwa mtihani, ilhali kazi anayotakiwa kuifanya ni kubainisha kila mwandishi anauliza swali gani, anatumia ushahidi gani na anaacha nini nje, kisha atoe uamuzi wake na kuutetea.

5. Ushahidi kuhusu kujifunza

Mbinu za jumla zina manufaa yake. Francis Robinson wa Marekani alipendekeza mwaka 1946 hatua tano za kusoma, nazo ni kupitia andiko kwa haraka, kujiuliza maswali, kusoma, kusimulia bila kutazama na kurudia. Thamani ya hatua ya kusimulia iliungwa mkono na majaribio ya Roediger na Karpicke ya mwaka 2006, ambapo wanafunzi waliorudia kusoma andiko walifanya vizuri zaidi walipopimwa baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja waliokuwa wamejipima kwa kukumbuka ndio waliobaki na mengi zaidi. Hata hivyo, mbinu hiyo hufanya kazi pale tu maswali yanapotoka ndani ya fani, kwa maana asiyejua mwanafizikia au mwanahistoria huuliza nini hawezi kujiuliza swali lenye tija.

6. Mapendekezo

Kwanza, kila kozi kuu ya mwaka wa kwanza itenge sehemu ya alama za kazi za darasani kwa ajili ya stadi za fani hiyo, kama vile daftari la maabara katika sayansi na ulinganisho wa waandishi wawili katika sayansi za jamii. Pili, mhadhiri wa stadi za mawasiliano na mhadhiri wa fani waandae mazoezi kwa pamoja, badala ya kila mmoja kufundisha katika chumba chake. Tatu, semina zianze kwa jaribio fupi la kukumbuka lisilo na alama. Nne, wanafunzi waruhusiwe kujadili kwa Kiswahili kabla ya kuandika kwa Kiingereza, wakisaidiwa na istilahi zilizokwisha kusanifiwa, zikiwamo zile za kamusi ya biolojia, fizikia na kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990.

7. Hitimisho

Mapendekezo haya hayahitaji kozi mpya wala jengo jipya. Yanahitaji idara zikubali kwamba kumfundisha mwanafunzi namna ya kusoma fani ni sehemu ya kufundisha fani yenyewe. Washiriki wa semina hii wanaombwa kuyapeleka katika bodi za idara zao na kuyafanyia majaribio katika kozi moja moja kabla mitaala haijapitiwa upya.