Kipimo Kisichowafaa Wazawa

Wazawa wa Kanada ni takriban asilimia 5 ya wananchi, lakini katika magereza ya shirikisho wanakaribia theluthi ya wafungwa. Kwa wanawake ni karibu nusu.

Sheria ililiona hilo zamani. Tangu 1996 hakimu anatakiwa kutafakari adhabu nyingine kabla ya kifungo, hasa kwa mzawa, na mwaka 1999, katika kesi ya Gladue, Mahakama ya Juu ilikazia wajibu huo.

Lakini msikilizaji, tatizo haliishii kizimbani. Gerezani mfungwa hupimwa kwa alama kujua ni hatari kiasi gani, na matokeo huathiri ulinzi anaowekewa na nafasi yake ya kuachiwa kwa masharti. Mwaka 2018, katika kesi ya Ewert, Mahakama hiyohiyo iliamua kuwa idara ya magereza haikuchukua hatua za kutosha kuhakikisha vipimo ilivyotumia vinawafaa wazawa. Hilo linatisha. Familia za wazawa ambazo serikali ilizivunja kwa kuwapeleka watoto wao shule za bweni kwa lazima, leo watoto na wajukuu wao wanahesabiwa hatari kwa majeraha yaleyale!

Kipimo kisichothibitishwa kwa wazawa kisitumike kuwanyima uhuru. Serikali ya Kanada ikiondoe.