Maganda yetu yasifike Kawa

Maneno kwa vijana wa Bukavu, kisha salongo



Tumemaliza kufagia, mikono ingali michafu. Mbele ya kurudi nyumbani, tuongee juu ya ile mifuko tuliyotoa ndani ya mfereji. Tulifungua kadhaa. Ndani tulikuta nini? Maganda ya ndizi na ya mihogo, vijiti vya sombe, majani ya maharagi. Chakula cha udongo, kimefungwa ndani ya plastiki.

Wote tunajua safari yake. Mvua ikinyesha usiku, mtu anafungua mlango, anarusha. Maji ya Kadutu inateremka nayo mpaka Kawa, Kawa inaipeleka ziwani, na plastiki inafika kuziba bwawa la umeme la Ruzizi. Kisha tunakaa gizani, tunauliza umeme umeenda wapi.

Serikali tunaidai, na tutaendelea kuidai: mahali pa kutupia, magari ya kubeba, hesabu ya makuta ya taksi. Kifungu cha 53 cha Katiba kinatupa haki ya mazingira safi. Lakini kifungu hicho hicho kinatupa wajibu wa kuyalinda. Haki tunaijua sana. Wajibu tumewaachia mama na dada zetu wenye kubeba pubeli.

Basi tunaombana mambo matatu.

Kwanza, mbolea. Mwenye kakona ka parsele apange tabaka moja la maganda mabichi, na mawili ya majani makavu. Rundo liwe na unyevu tu, lisilowe. Lifunike mvua isiliharibu, ligeuze kila juma. Likinuka, ongeza vikavu. Kisha miezi mitatu hivi, utashika udongo mweusi.

Pili, minyoo. Mwenye kupanga chumba kimoja atoboe bidoni kuukuu chini na pembeni, aweke karatasi zilizoloweshwa na minyoo midogo myekundu, ile inakaa ndani ya mavi ya ng'ombe iliyooza. Ile mikubwa ya shambani haifai. Iweke kivulini, uilishe maganda kidogo kidogo. Usiipe nyama, mafuta, chumvi wala ndimu.

Tatu, kufunika udongo. Huku kwetu kwenye milima, udongo ulio uchi mvua inaubeba. Ukikata nyasi, usizichome: zitandaze katikati ya mboga, lakini zisiguse shina. Udongo utabaki, na wakati wa kiangazi utamwagilia kidogo.

Wandugu, hii haiondoi deni la serikali hata kidogo. Salongo ijayo, kila mmoja atuambie rundo lake ao bidoni lake limefika wapi. Na siku tutaenda komini kudai gari la takataka, tufike na plastiki peke yake mikononi. Maganda tutakuwa tumeyamaliza sisi wenyewe. Hapo watatujibu nini?

Tusilegee.